Celica ya marehemu baba: turbo, rangi, au kikao cha ndugu kwanza?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni kijana wa miaka 31, mhasibu, naishi Tabata na mke wangu na mtoto wetu mmoja. Marehemu baba alituachia Toyota Celica ya mwaka 1990, ST182, ile yenye taa za kuchomoza, gia za mkono, injini 3S-GE. Baba alikuwa mgonjwa wa Safari Rally. Majina ya madereva wake, Waldegård na Kankkunen, tuliyajua kabla ya majina ya mawaziri.

Tangu afariki mwaka 2017, gari lilikaa chini ya mwembe nyumbani Ukonga. Mwaka jana niliwaambia ndugu zangu kwamba nalichukua. Kaka mkubwa alicheka akasema, "Chukua hilo banda la kuku." Dada naye hakuwa na neno. Nikakodi brekidauni, nikalileta uani kwangu, na tangu hapo Jumamosi na Jumapili zangu zinaishia humo. Nimelisafisha, nimeng'oa kapeti, nimenunua rimu za inchi 17, usukani wa sport na siti mbili za mashindano. Injini sijaiwasha. Nilipofunga betri na kupiga stata ilitoa "tak" moja tu.

Sasa nimezungukwa na washauri. Binamu yangu anasema nisipoteze muda na injini hii, nitafute 3S-GTE yenye turbo, gari liwe kama GT-Four, ile Celica ya turbo. Fundi bodi mmoja wa mtaani kwetu alikuja, akagonga gonga, akasema injini imekufa, tuweke ya Noah, halafu yeye apige rangi kwanza na kufunga bodikiti ili "gari lianze kuonekana", mengine yatafuata. Anataka malipo ya awali shilingi 1,500,000. Mimi napenda rangi nyekundu; lenyewe ni jeupe.

Mke wangu hapingi moja kwa moja, ila tunajenga Chanika na nyumba haijaezekwa. Kila nikitoka na spana ananiuliza kama bati zimeshuka bei. Mzee, nikuambie ukweli: nimeshatumia 2,600,000. Yeye anajua 900,000.

Juu ya hayo, mdogo wetu wa mwisho anaolewa Desemba, na nimemwahidi kwamba nitambeba bibi harusi kwa gari la baba. Niliporusha picha ya gari na rimu mpya kwenye kundi la familia, kaka yule yule wa banda la kuku akaandika: "Tukae kikao tuongelee gari la mzee." Kadi ya gari bado ina jina la baba.

Niendelee au niuze? Na kama ni kuendelea, nianzie wapi?

Mwenye Celica, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Wewe umeniuliza habari za injini, lakini mimi macho yangu yamegota kwenye ule ujumbe wa kaka yako. Gari bovu halina warithi. Likianza kung'aa utawaona wakitokea mmoja mmoja, na kila mmoja atakumbuka kwamba mzee alikuwa akimpandisha yeye kiti cha mbele. Wala usimchukie kaka. Kisheria ana haki ya kuuliza, maana lile gari bado ni mali ya marehemu, na "chukua hilo banda la kuku" si hati ya umiliki.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata bolti, kaeni hicho kikao, na uwe wewe unayekiitisha. Kama mirathi ya mzee ilishafunguliwa kwa ajili ya nyumba ya Ukonga, basi msimamizi yupo, na kazi ni kuliingiza gari kwenye orodha na kukugawia wewe kwa maandishi. Kama haikufunguliwa, familia nyingi huanzia hapo hapo: kikao kinampendekeza msimamizi, muhtasari unasainiwa, unapelekwa mahakama ya mwanzo, mahakama inatangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha inamthibitisha. Msimamizi huyo ndiye atakayekwenda TRA kubadilisha kadi kutoka jina la baba kwenda jina lako. Njia ya mkato ya kuandikiana mkataba wa mauziano na mtu aliyekufa ipo, watu wanaifanya, na siku ya ajali ndiyo utakapojua bima inavyoitazama.

Kikaoni pelekeni thamani ya gari kama lilivyotoka chini ya mwembe. Kama una picha za siku ile brekidauni inalivuta, zichapishe. Mkubaliane bei ya siku ile, uwalipe wenzako sehemu zao hata kama ni kidogo kidogo, na iandikwe kwamba gharama zote za baada ya hapo ni zako. Utahitaji risiti.

Na hapo ndipo penye ile 2,600,000. Risiti zitasomwa mbele ya watu, na mkeo atakuwa amekaa kwenye mkeka huo huo. Mwambie kabla. Usimpe hotuba ya ndoto zako za utotoni. Mpe risiti zote, kaa kimya, asikie na atukane anachotaka kutukana. Halafu pangeni kiasi cha mwezi ambacho gari halitakivuka mpaka Chanika iezekwe. Hilo litakuchelewesha, tena sana. Gari limekaa bila kutembea tangu 2017, halina haraka.

Sasa tuje kwenye chuma.

Fundi wako anataka kupiga rangi kwanza kwa sababu rangi ndiyo inayolipwa haraka. Gari lililokaa nje miaka yote hiyo kwenye hewa ya Dar, yenye unyevu na chumvi, limeoza mahali ambapo yeye hakugonga. Umesema umeng'oa kapeti, lakini hukusema uliona nini chini yake. Rudi ukaangalie. Mwembe unamwaga majani, majani yanajaa kwenye ule mfereji ulio chini ya waipa, matundu ya kutolea maji yanaziba, maji yanatafuta njia ya kuingia ndani na kulala kwenye sakafu upande wa dereva na wa abiria. Safisha mfereji huo, kisha mwaga ndoo ya maji kwenye kioo cha mbele na mtu mwingine awe ndani na tochi. Maji yakionekana ndani, hakuna rangi duniani itakayokusaidia.

Chukua bisibisi ngumu, pitia kingo za chini ya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, sakafu ya buti chini ya tairi la akiba, na hasa sehemu za juu zinaposhikwa shokapu. Dunga bila huruma. Bisibisi ikizama, hapo si chuma tena. Chukua na sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi yote: pale inapokataa kushika, kuna puti nene, ile lipu ya kuzibia bodi, na chini ya puti kuna siri ya fundi wa zamani. Puti hunywa maji. Ukiipaka juu ya kutu, au ukaiacha wazi ipigwe na unyevu kabla ya kufunikwa, unakuwa umefungia kutu ndani ikuleteeni malengelenge masika ijayo. Kutu hukatwa, kipande kipya cha bati kikachomelewa, kikasagwa, kikapigwa praima ya kuzuia kutu nje na ndani, ndipo puti nyembamba ya kusawazisha. Kazi hiyo ndiyo ya kumlipa fundi bodi, tena kwa kipande, siyo 1,500,000 mkononi. Mafundi wa kuchomelea wa eneo la Gerezani wapo wanaojua bati la gari. Mwombe akuonyeshe kazi aliyoimaliza mwaka jana, ya jana haina maana. Fundi maiko, yaani wa kubahatisha, utamjua kwa kazi zake baada ya mvua.

Kuchomelea kukifanyika hapo uani, toa betri, toa tanki la mafuta liende mbali, toa kapeti na siti. Tanki tupu lenye mvuke wa petroli ni baya kuliko lililojaa.

Na wewe mwenyewe ukiingia chini ya gari: jeki ni ya kuinulia, siyo ya kulalia. Nunua stendi za chuma nne. Tofali la saruji hupasuka bila kukuonya. Hili silijadili na mtu.

Injini. Hakuna aliyethibitisha kwamba imekufa. "Tak" moja inaweza kuwa betri dhaifu, terminali zilizoota unga, stata iliyoshika kutu, au kweli injini imekamata. Acha kupiga stata. Toa plagi zote nne, mwagia kila silinda oili kidogo, iache usiku mzima au mbili, kisha shika bolti ya puli ya krenki kwa spana ndefu uizungushe kwa mkono, taratibu, kwa upande inaozungukia injini. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugoma, una injini. Ikigoma, usilazimishe, rudia oili, subiri. Ikikubali, mwaga oili yote ya zamani na uweke mpya na filta mpya, badilisha mkanda wa taimingi kabla hujaiwasha kwa sababu mpira huzeeka hata ukikaa, kisha fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote nne zikikaribiana, mshukuru Mungu na umwambie binamu anyamaze kwanza.

Petroli iliyobaki kwenye tanki usiiamini hata kwa kunusa. Ikikaa miaka hugeuka gundi, na tanki lenyewe hushika kutu kwa ndani. Shusha tanki, lisafishwe, badilisha filta, angalia pampu, peleka injekta zikasafishwe na kupimwa. Mipira yote ya mafuta iliyopasuka pasuka itupwe. Kagua na nyaya: gari lililokaa nje miaka hiyo lilikuwa nyumba ya panya, na panya wanapenda nyaya kuliko karanga.

Kama kompresheni ikionyesha kweli imekwisha, basi wazo la fundi lina ukweli nusu. Noah nyingi za hapa, SR40, zinatumia 3S-FE, na hiyo ni ya ukoo mmoja na 3S-GE yako, zote za lita 2.0. Tofauti kubwa iko kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, ya kwako ni ile iliyobuniwa kwa msaada wa Yamaha. Lakini fundi wako amesahau, au hajui, kwamba injini ya Noah imelala chini ya siti za mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma, wakati ya Celica imekaa kwa ubavu pale mbele na kuvuta magurudumu ya mbele. Sampu, lile karai la oili, mikono ya kushikilia injini, mpangilio wa kuingiza hewa, vyote vitakupigisha kelele. Ukifika huko, tafuta 3S-FE ya Ipsum ya kwanza, SXM10, ambayo imekaa kama ya kwako. Na ujue utapoteza ule mlio ulioupenda kwa baba. Mimi ningeifungua 3S-GE na kuitengeneza kabla ya kufika huko. Spea nyingi za chini ya injini utapata Kariakoo kwa sababu ya ndugu zake hao; nenda na kipande cha zamani mkononi ulinganishe, na vitu vya hedi agiza kwa namba ya chasi.

Kinachokupasa kukiogopa ni vile visivyofanana na gari lingine lolote: taa za nyuma, mipira ya milango na ya vioo, urembo wa plastiki. Usivunje hata klipu moja. Kila unachofungua, piga picha, weka kwenye mfuko wa nailoni, andika. Ile mota ya taa za kuchomoza ina kitufe cha kuzungushia kwa mkono chini ya kifuniko cha mpira. Jaribu kuzungusha taratibu kabla ya kuipa umeme, zikiwa zimekwama utaunguza mota ambayo hutaipata Kariakoo wala popote karibu.

Turbo ya binamu. Wanaosema maneno haya hawaonekani siku ya kulipa. Celica iliyoshinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986 ilikuwa Twin Cam Turbo, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Zile za 1990 na 1992 mpaka 1994 zilikuwa GT-Four, turbo na magurudumu yote manne. Ya kwako ina jina lile lile na sura ya ukoo, basi. Inavuta kwa mbele na haijawahi kuwa na turbo. GT-Four ya wakati wake Japani ilikuwa na farasi 225, yako 165, na Toyota walipoongeza hizo farasi walibadilisha giaboksi, ekseli, breki, rejeta, nyaya na kompyuta. Binamu anataka ubadilishe injini peke yake, farasi wote hao wavutwe na magurudumu mawili ya mbele pale Ubungo mvua ikinyesha. Halafu kadi ina namba ya injini. Ukiibadilisha bila kupeleka taarifa TRA, trafiki makini atakukalisha kando ya barabara, na bima itapata sababu.

Pesa ambayo ungempa turbo, wape breki. Hili ndilo la kwanza baada ya kutu, na wala hukuliuliza. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanywa maji, kiwango chake hushuka mpaka 140. Ya kwako yana umri wa kuanza shule. Yakichemka, pedali inashuka mpaka chini na gari linaendelea. Mwaga yote, badilisha mipira ya breki minne kwa sababu huvimba kwa ndani na nje ikaonekana nzima, fungua kalipa na masta silinda ubadilishe vifaa vya mpira, safisha au badilisha diski. Mafuta hayo yakidondokea kwenye rangi yanaitafuna, ndiyo sababu nyingine ya kuacha rangi mwisho. Kisha boljointi, bushi, shokapu. Kisha matairi: ubavuni kuna namba nne zinazoonyesha wiki na mwaka, 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Matairi ya namna hiyo ni ya bembea ya watoto.

Rimu za inchi 17 ziuze. Najua zinauma. Matuta ya Tabata yatazivunja, tairi lenye ubavu mwembamba litapasuka kwenye kila shimo, na watu watakushauri ukate springi ili gari "likae". Springi iliyokatwa hukaa vibaya kwenye vikombe vyake na gari linaruka ruka kwenye kona. Siti za mashindano moja ibaki kama unaipenda, mradi ifungwe kwenye reli zake za asili na mkanda wa asili. Mkeo na mtoto wakae kwenye siti zilizoshonwa upya, fundi siti mzuri atakupa ngozi safi kwa bei ya kawaida. Usukani weka. Mziki weka. Ekzosi yenye sauti kidogo pia sikukatazi, majirani zako ndio watakaokukataza.

Kupiga rangi hapo nyumbani, hapana. Rangi nzuri ya gari huchanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, na moshi wa hadina wakati wa kupuliza unaharibu mapafu hata ya mtu aliyevaa barakoa ya vumbi. Una mtoto, na ukuta wa jirani uko pale pale. Wewe fanya msasa na maandalizi, ndiyo kazi ndefu, kisha likapigwe sehemu yenye chumba na mtambo wa kunyonya hewa, kipindi cha ukavu, siyo katikati ya masika.

Uuze? Likiwa hivi, bila kadi na bila kuwaka, wanunuzi ni wa chuma chakavu. Sikushauri. Ila kama kikao kitakataa kukupa, liuzwe mgawane, na usiwe na kinyongo.

Harusi ya Desemba: mwambie mdogo wako leo, siyo Novemba, kwamba bibi harusi atapanda gari la kukodi. Atanuna wiki moja. Hutaki breki zijaribiwe siku hiyo na gauni likiwa ndani.

Na rangi nyekundu. Kadi inasema jeupe. Ukibadilisha ni lazima kadi nayo ibadilishwe, na kufanya nyekundu kikamilifu maana yake kupaka ndani ya milango, ndani ya buti na chini ya boneti, injini ikiwa nje, ama sivyo kila ukifungua mlango utaona weupe. Gharama inakaribia maradufu. Baki na nyeupe.